Fundi Anauliza: Kabati la Vifaa, la Bei Chee au la Bei ya Juu?

Barua nyingi za mwezi huu zimeuliza jambo moja: pa kuwekea vifaa. Kuna anayetaka kununua, kuna anayetaka kuchongesha kwa mchomeleaji, na kuna ambaye kabati lake limeshamtesa. Tumechagua saba zinazogusa mambo ambayo mafundi wengi hukutana nayo.

Nina gereji ndogo ya magari madogo na Noah. Vifaa vyangu viko kwenye ndoo mbili na sanduku la bati la shule. Kariakoo nimeona kabati la magurudumu lenye droo saba. Rafiki yangu akanionyesha la Kiitaliano, nalo droo saba, lakini bei yake ni mara nne. Kwa macho naona rangi tu ndiyo tofauti. Wanasema rahisi ghali. Je, hapa ni kweli?
*Fundi wa magari madogo, Arusha*

Tofauti ipo, ila haionekani droo zikiwa tupu na zimefungwa, na dukani makabati yote hukaa hivyo. Ukilipa zaidi unalipia mambo matatu: unene wa bati, reli za droo na magurudumu. Rangi na nembo hazibebi spana.

Anza na bati. Geji unaijua kutokana na mabati ya kuezekea: geji 32 ni jembamba kuliko 30, na 30 ni jembamba kuliko 28. Kwenye kabati hesabu ni hiyohiyo, namba ikipungua bati linanenepa. Geji 22 ni kama milimita 0.7, geji 20 ni 0.9, geji 18 ni 1.2. Makabati mengi ya bei chee hutengenezwa kwa bati la 0.6 hadi 0.8, na ya bei ya juu huanzia 1.0 kwenda mbele. Usimwulize muuzaji, pima mwenyewe. Chomoa droo moja, shika kalipa, kile kipimo cha taya cha kupimia unene, pima ukingo ambao haujakunjwa, kisha toa milimita 0.15 ya rangi, kwa sababu rangi ya unga iliyookwa tanurini hukaa karibu mikroni 60 hadi 80 kila upande.

Kama huna kalipa, tumia mizani. Mita moja ya mraba ya bati la milimita 1 ina kilo 7.85. Kabati la droo saba lenye upana wa sentimita 68, kina cha 46 na kimo cha 80 bila magurudumu hula takriban mita za mraba 5.2 za bati. Kwa bati la 0.7 hizo ni kilo 29, na kwa bati la 1.2 ni kilo 49. Ongeza kilo 12 hivi za reli na magurudumu, utapata 41 kwa 61. Uzito huandikwa kwenye boksi la kufungashia. Kabati la ukubwa huo lililoandikwa kilo 38 haliwezi kuwa na bati nene, hata muuzaji aape.

Unene huo una kazi gani? Watu husema droo imekufa kwa sababu gololi za reli ni mbovu, na mara nyingi gololi hazina kosa lolote. Reli imefungwa kwenye ukuta wa kabati. Ukivuta droo yenye kilo 20 hadi mwisho, uzito wote unaning'inia mbele na reli inausukuma ukuta nje. Nafasi ya reli kati ya droo na ukuta ni milimita 12.7 kila upande, yaani nusu inchi. Bati jembamba likitoa tumbo kwa milimita 2 au 3, reli ya ndani inakosa mshiko, gololi zinatoka kwenye mfereji wake, na siku moja droo inabaki mikononi mwako huku soketi zikitawanyika sakafuni. Kwa hiyo ukishachomoa droo, chungulia ndani kwa tochi ya simu. Je, kuna nguzo za chuma zilizosimama mbele na nyuma ambazo reli zimefungwa juu yake, au reli zimepigwa moja kwa moja kwenye ukuta wa bati moja? Kabati la bati la 0.8 lenye nguzo litadumu kuliko la 1.0 lisilo na nguzo. Ukaguzi huu mmoja tunauthamini kuliko maneno yote yaliyoandikwa kwenye boksi.

Reli zenyewe huandikiwa kilo. Za bei chee huwa za kilo 15 hadi 25 kwa droo; za bei ya juu 40 hadi 50, na droo pana au yenye kina huwekewa jozi mbili. Namba hizo huchukulia kwamba mzigo umetandazwa sawasawa, jambo ambalo fundi halifanyi, kwa hiyo hesabu theluthi mbili tu ya kilichoandikwa. Halafu pima vifaa vyako: tia seti moja kwenye mfuko, ning'iniza kwenye mizani ya dukani. Seti ya spana za milimita 6 hadi 32 inazunguka kilo 5, soketi zenye tundu la mpini la nusu inchi pamoja na racheti yake, yaani mpini wa kuzizungushia, kama kilo 7. Hizi reli ya kilo 20 inazibeba bila kulalamika. Vinavyovunja reli ni pula za kung'olea beringi, nyundo, patasi na soketi za robo tatu inchi zikirundikwa droo moja.

Dukani fanya majaribio haya kabla hujatoa pesa. Vuta droo hadi mwisho, shika kona ya kushoto ya mbele uinyanyue huku ukikandamiza ya kulia. Ikicheza zaidi ya milimita 3, iache. Kisha isukume kwa kidole kimoja ukianzia kona, si katikati. Droo nzuri inaingia imenyooka, mbaya inakwenda upande na kukwama. Funga droo zote, simama ubavuni, sukuma kona ya juu ya kabati. Likiyumba kama boksi la karatasi likiwa tupu, likijaa litayumba zaidi.

Magurudumu tumeyaacha mwisho ingawa ndiyo hufa kwanza. Sakafu ya gereji haiko sawa, hivyo wakati wowote gurudumu moja kati ya manne huwa halijakanyaga vizuri. Ndiyo maana uzito hugawanywa kwa tatu. Kabati la kilo 60 lenye vifaa vya kilo 120 ni kilo 180, kwa hiyo kila gurudumu lazima liweze kubeba kilo 60 na zaidi. Kipenyo kiwe milimita 125 kama sakafu yako ina nyufa au mfereji wa maji. La milimita 75 litaingia kwenye ufa na kusimama ghafla, na kabati litaendelea mbele bila hilo gurudumu.

Sasa kwako wewe wa Arusha: magari madogo, fundi mmoja, vifaa visivyofika kilo 100. Kama kabati la Kariakoo lina nguzo ndani na limepita majaribio ya droo, nunua hilo, na pesa inayobaki nunua torki renchi, ile ya kukaza bolti kwa kipimo, na seti ya soketi zisizopasuka. Tena kuna njia ya kati ambayo wachache huifikiria: nunua la bei chee, siku hiyohiyo badilisha magurudumu manne uweke ya milimita 125, na droo mbili za chini uzivalishe reli za kilo 45. Hapo umeondoa udhaifu wake mkubwa kwa gharama ndogo. La bei ya juu lina haki yake pale vifaa vikipita kilo 150, mafundi watatu wakifungua kabati moja kutwa nzima, au unapofanya malori. Kipimo chetu sisi: kabati likigharimu zaidi ya robo ya thamani ya vifaa vitakavyokaa ndani, subiri kwanza, ongeza vifaa.

Kabati langu la droo tano lilipiga mweleka mbele nikitafuta soketi. Halikusukumwa na mtu. Je, ni ubovu wa kiwanda?
*Msomaji, Eldoret*

Pole sana, na heri hukuwa umechuchumaa mbele yake. Si lazima liwe bovu. Hesabu inatosha kueleza.

Chukua kabati tupu la kilo 40 lenye droo tano, kila moja na vifaa vya kilo 15. Magurudumu ya mbele yako sentimita 5 ndani kutoka usoni, na uzito wa kilichofungwa uko sentimita 17 nyuma ya mstari wa magurudumu hayo. Ukifungua droo tatu, kinachovuta nyuma ni kilo 70 mara 17, yaani 1,190. Katikati ya kila droo iliyofunguka iko sentimita 25 mbele ya magurudumu, kwa hiyo kinachovuta mbele ni kilo 45 mara 25, yaani 1,125. Kabati limesimama kwa wembe. Ukiegemeza mkono wa kilo 5 kwenye ncha ya droo, sentimita 45 mbele ya magurudumu, umeongeza 225, na safari imeanza.

Kwa hiyo droo nzito ziwe chini kabisa, na funga moja kabla ya kufungua nyingine. Kilo 20 zaidi kwenye droo ya chini iliyofungwa huongeza 340 upande wa usalama. Na angalia magurudumu yanayozunguka. Kama yako mbele na ukalivuta kabati kukujia, yanageuka na kuingia chini ya kabati, na kitako kinafupika kwa sentimita 3 au 4. Lirudishe nyuma kidogo mpaka yageukie upande wako, ndipo ukanyage breki. Ukinunua jipya, uliza kama lina kufuli la droo moja kwa wakati, ile mitambo inayozuia droo ya pili kufunguka. Hilo ni jambo moja tunalokubali kulilipia bila kubishana.

Droo mbili za kabati langu hazifungi mpaka mwisho, zinabaki nje kama vidole viwili. Nyingine inadondosha gololi. Nimepaka grisi nyingi na hali imezidi. Nitupe?
*Fundi, Kirinyaga Road, Nairobi*

Usitupe. Kwanza, grisi ndiyo iliyozidisha. Grisi nzito kwenye gereji hukamata vumbi na unga wa grainda, na mchanganyiko huo ni sawa na msasa ndani ya reli.

Toa droo. Kila upande kuna kijiwiko cheusi cha plastiki. Kwa kawaida unabonyeza kimoja juu na kingine chini huku ukivuta sawasawa. Osha reli kwa dizeli na mswaki, kausha kwa kitambaa, kisha weka matone machache ya mafuta mepesi au grisi nyeupe ya lithiamu, kiasi cha kung'aa tu, na ufute ziada.

Droo isiyofunga mpaka mwisho mara nyingi kichana cha gololi, ule ukanda unaozishika, kimehama mahali pake. Kabla ya kurudisha droo, vuta kichana hicho kwa kidole hadi mbele kabisa ya reli ya kabatini, pande zote mbili. Ingiza droo ikiwa imenyooka, isukume kwa nguvu ya wastani mpaka igonge mwisho, vuta, sukuma tena. Ukiingiza droo kichana kikiwa nyuma, reli ya droo inakipiga kwa mbele, kinapinda, gololi zinamwagika. Huenda hiyo ya tatu ilifia hapo.

Reli iliyokwisha kumwaga gololi haifai kurekebishwa. Badilisha, na ubadilishe jozi nzima, kushoto na kulia, maana mpya na kuukuu hazitembei pamoja. Pima urefu wake ikiwa imefungwa: huuzwa kwa inchi 14, 16, 18 na 20. Pima pia kimo chake, ambacho kwa reli za kazi ni milimita 45. Beba ile ya zamani dukani ulinganishe matundu.

Mchomeleaji wa hapa anasema atanitengenezea kabati imara kuliko la dukani. Nimpe vipimo gani?
*Msomaji, Mwanza*

Anaweza kabisa, na kwa gereji ya malori hili ndilo tungelichagua mbele ya la bei chee. Mafundi wetu wa jua kali hawashindwi na nguvu. Wanachoshindwa ni unyoofu, na reli za gololi hazisamehe.

Fremu iwe ya paipu za mraba za milimita 25 kwa 25, unene 1.5. Upana 70, kina 50, kimo 85. Utahitaji mita 8.2, yaani paipu mbili za mita 6. Mwili uzungushiwe bati la 1.2, shiti moja ya futi 4 kwa 8 inatosha. Droo ziwe za bati la 1.0, shiti mbili, na ya pili itabaki kiasi cha kutosha kutengenezea kitu kingine. Kila reli ipate chuma bapa cha 25 kwa 3 kilicholala kati ya paipu ya mbele na ya nyuma, uso wake ukiwa sawa kabisa na uso wa ndani wa paipu. Hicho ndicho kitakachofanya kazi ya ile nguzo tuliyoieleza kwa mwenzako wa Arusha.

Droo sita: tatu za uso wa milimita 80, mbili za 130, na moja ya chini ya 260. Jumla ni 760. Nafasi kati ya paipu ya juu na ya chini ni 800, kwa hiyo milimita 40 zinagawanywa mianya saba, karibu 6 kila mmoja. Reli za sentimita 45, jozi saba, kwa kuwa droo ya chini itabeba jozi mbili. Upana wa kila droo ni nafasi kati ya nyuso za ndani za paipu toa milimita 26. Hapa nafasi ni 650, kwa hiyo droo ni 624. Si 620, si 628. Milimita mbili zikizidi droo inabana, zikipungua nne gololi zinatoka.

Mwambie mchomeleaji ashike fremu kwa nukta tu kwanza, kona kwa kona kwa kupokezana, halafu apime mshazari mmoja na mwingine. Tofauti ikipita milimita 2, anyooshe kabla ya kuchomelea moja kwa moja. Akimaliza upande mmoja kabla ya kugusa mwingine, joto litavuta fremu, na mdomo wa kabati utakuwa mpana juu na mwembamba chini. Hilo ndilo kosa linaloua makabati mengi ya kuchongesha.

Na reli zisichomelewe kamwe. Joto huunguza kilainishi na kulegeza kichana cha gololi, na ile rangi ya fedha ya reli ni zinki, ambayo moshi wake humpa mchomeleaji homa. Zifungwe kwa skrubu au bolti fupi za M4 zenye kichwa bapa, maana kichwa kinachotokeza hugonga reli ya ndani. Tundu la kwanza litobolewe mbele, droo ijaribiwe, ndipo la nyuma.

Magurudumu yafungwe kwa bolti nne nne za M10 kwenye sahani ya chuma ya milimita 5 iliyochomelewa kwenye kona za fremu, si kwenye bati la chini. Yafungwe baada ya rangi. Rangi yenyewe: futa mafuta kwa thina, sugua kwa msasa, paka redi oksaidi, ile rangi ya kwanza ya kuzuia kutu, subiri ikauke kabisa, kisha rangi ya mafuta mara mbili. Kabati hili likikamilika litakuwa na karibu kilo 75. Hakikisha mlango wa stoo unalipitisha kabla hujamwambia aanze.

Nafanya kazi gereji huku Texas. Bosi anauza kabati lake la zamani la upana wa inchi 56, la kampuni kubwa, kwa bei nzuri sana. Nataka kufungua gereji Tanga. Nilitume?
*Msomaji, Texas*

Kwanza ujue kwa nini makabati hayo yanauzwa ghali yakiwa mapya. Kampuni kama Snap-on, iliyoanza mwaka 1920 na yenye makao Kenosha, Wisconsin, huuza kwa gari linalomfuata fundi gerejini kila wiki, likimkopesha na kumbadilishia kinachovunjika. Sehemu ya bei ni chuma, sehemu ni hiyo huduma. Gari hilo halifiki Tanga. Kwa hiyo ukinunua kuukuu kwa bei ya chuma peke yake, umefanya vizuri. Ukinunua jipya, unalipia huduma utakayoiacha Marekani.

Kabati la upana wa sentimita 142, kina cha 61 na kimo cha 115 hujaza mita moja ya ujazo. Kontena ya futi 20 ina kama 33. Ikiwa unakodi kontena yako au unagawana na ndugu, nafasi hiyo haiumi, hasa kwa kuwa droo zenyewe zinaweza kubeba nguo na vitu laini. Kulituma peke yake ni hesabu nyingine, mwombe wakala akupe gharama zote kwa maandishi kabla hujamlipa bosi wako. Kumbuka ushuru hukadiriwa kwa bei ya kununulia pamoja na nauli na bima, si bei peke yake, kwa hiyo risiti uwe nayo.

Usisafirishe spana na pula ndani ya droo. Mawimbi ya wiki kadhaa huzipigisha reli mahali pamoja mpaka gololi zinachimba vishimo. Vifaa vizito vifungwe kwenye masanduku ya mbao sakafuni mwa kontena. Toa magurudumu, lifunge kabati kwenye paleti, funga droo kwa ufunguo kisha zungushia mkanda. Na kabla ya kuondoka nunua huko jozi mbili za reli za kabati hilohilo, magurudumu mawili na ufunguo wa ziada. Reli za kampuni hizo huwa na vipimo vyao wenyewe, na za kwetu za milimita 45 hazitaingia bila kutoboa upya.

Kimo na uzito wake pia vifikirie siku ya kushusha. Likiwa tupu bado linahitaji watu sita au forklifti.

Niko Mombasa, mita mia chache kutoka baharini. Kabati jipya limeota kutu mwaka haujaisha. La bei ya juu lingepona?
*Msomaji, Likoni*

Lingechelewa, lisingepona. Kutu haianzii kwenye uso uliopakwa rangi. Huanzia ukingo uliokatwa, kwenye mikunjo, na pale bati mbili zilipounganishwa kwa nukta, ambako rangi haikuingia. Kabati zuri limekunjwa kingo zote na kuoshwa vizuri kabla ya rangi, hilo tu.

Wewe fanya hivi sasa: sugua kutu hadi chuma, paka redi oksaidi na rangi, kisha pitisha mafuta mepesi kwenye kingo za droo kila baada ya miezi mitatu. Usiweke betri juu ya kabati wala karibu nalo likichajiwa, mvuke wa asidi hula chuma kuliko chumvi. Mafuta ya breki ya DOT 3 au DOT 4 yakimwagika, osha kwa maji papo hapo kwa sababu huvua rangi. Mpira wa kutandika ndani ya droo uwe wa matundu ili unyevu usikae chini yake, na spana ifutwe kabla ya kurudi mahali pake. Sponji ngumu yenye vishimo vya vifaa inapendeza, lakini ikilowa petroli huvimba, na ikilowa maji huyashika.

Kuna makabati yanayouzwa yakiwa yamejaa vifaa, "vipande 250". Bei yake iko chini ya jumla ya vifaa nikinunua kimoja kimoja. Na je, kufuli lake linazuia wezi?
*Fundi anayeanza, Kigali*

Hesabu vipande mwenyewe. Biti za bisibisi, funguo za L na viunganishi huhesabiwa kila kimoja, na mara nyingi huchukua nusu ya idadi. Angalia yale yanayofanya kazi ya kila siku: spana 8, 10, 12, 13, 14, 17, 19, 22 zipo zote? Soketi za nusu inchi zinafika 32? Racheti ina meno mangapi? Yenye meno 72 husogea kwa nyuzi 5 tu, ya 24 inataka nyuzi 15, na chini ya dashibodi tofauti hiyo ni kufungua au kushindwa. Kama spana za kila siku na racheti ni nzuri, mengine yachukulie nyongeza. Kama si nzuri, umenunua kabati dhaifu lililojazwa ili liwe zito.

Kuhusu wezi, kitasa cha kabati kinazuia mkono wa mpita njia, si mtu mwenye bisibisi kubwa na dakika mbili. Funguo nyingi za bei chee zinafanana kati ya kabati na kabati, kwa hiyo nakili namba iliyochongwa usoni mwa kitasa, kisha jaribu ufunguo wako kwenye kabati jingine la aina hiyo dukani. Ukifungua, badilisha kitasa. Vya mduara hupatikana kwa bei ndogo. Halafu toboa mgongo wa kabati sehemu mbili, chini karibu na fremu, pitisha mnyororo wa milimita 8 hadi kwenye bolti iliyozamishwa ukutani, na ufungie kwa ndani, nyuma ya droo ya chini. Torki renchi ishushwe hadi namba ya chini kabisa ya kipimo chake kabla ya kulala, na iende nyumbani na wewe.